Watoto wa Bandia Wafananao na Watoto wa Kweli: Asili Yao na Athari Zao

Tumeulizwa zaidi ya mara moja na ndugu wanaohudhuria darsa zetu khabari za hawa watoto wa bandia wa zama hizi, ambao mtu akiwatazama kwa mbali hawezi kuwapambanua na mtoto aliyezaliwa jana. Wengine wameuliza kwa kucheka, na wengine kwa kuchukizwa. Na wako pia waliouliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa jambo hilo limewagusa nyumbani mwao. Nasi tumeona kwamba haifai kulihukumu jambo kabla ya kujua asili yake. Basi tutaeleza kwanza vitu hivi vimetoka wapi, kisha vimewafanya nini watu, na mwisho tutasema tunavyoona.

Kumfananisha mtoto kwa kitambaa au kwa mti si jambo jipya. Wasichana wetu tangu hapo wakifunga vitambaa na magunzi ya mahindi, wakivibeba migongoni na kuviimbia vilale. Na wasomaji wetu wajua ya kuwa imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alikuwa akicheza na watoto wa bandia katika udogo wake, na wenziwe wakija kucheza naye. Wanavyuoni wengi wameruhusu mchezo huo kwa watoto, ijapokuwa wako waliokataza kwa ajili ya hukumu ya sanamu. Na sababu moja waliyoitaja walioruhusu ni kwamba mchezo huu humzoeza msichana kazi ya kulea. Tunamwomba msomaji aishike sababu hiyo, kwani ndiyo mizani tutakayopimia mengine yote.

ZAMA ZA NTA NA KAURE

Katika nchi za Ulaya, wanasesere wa zamani aghlabu walikuwa mfano wa mabibi wakubwa waliovaa nguo za fakhari. Mfano wa mtoto mchanga ulishika nguvu katika karne ya 19. Huko London walikuwako mafundi wa nta, mashuhuri wao ni jamaa za Pierotti na Montanari. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Augusta Montanari alionyesha wanasesere wa nta wa kila umri, tangu mtoto mchanga mpaka mwanamke mzima, akapewa nishani. Nywele zao zilipandwa katika nta kidogo kidogo, na bei yao ilikuwa kubwa hata wasiweze kununuliwa ila na matajiri. Nta nayo ina aibu yake: ikipata joto hulainika, na ikipata baridi kali hupasuka. Kwa hivyo mtoto aliyepewa alitakiwa atazame zaidi kuliko kucheza.

Baadaye Wafaransa na Wajerumani wakatengeneza vichwa vya kaure isiyong'arishwa, ambayo huonekana kama ngozi. Lakini nyuso hizo zilikuwa nzuri kupita kiasi: macho makubwa, mdomo mdogo, na utulivu usiokuwamo katika mtoto yeyote tumjuaye. Mwaka 1909 nyumba ya biashara ya Kijerumani iitwayo Kämmer & Reinhardt ikatoa mtoto wa namna nyingine, mwenye kipaji kilichokunjana, mdomo ulio wazi kidogo, na mikono na miguu iliyopinda kama ya mtoto mchanga hasa. Watu wakaanza kuona ya kuwa ukweli una uzuri wake.

Huko Marekani, mwanamke mchonga sanamu, Grace Storey Putnam, alitafuta mtoto wa kweli wa kumfanyia mfano, hata akampata mmoja mwenye umri wa siku tatu tu. Akamchonga kama alivyo, na macho yake membamba na mashavu yake yaliyovimba kwa uzazi. Mfano huo uliandikishwa mwaka 1922, na alipouzwa alipendwa mno hata akaitwa mtoto wa dola milioni. Kisha wakaja wanaokunywa maji na kulowesha nepi, katika miaka ya 1930, na mwaka 1950 akaja aitwaye Tiny Tears, atoaye machozi. Kila mwaka kitu kimoja cha mtoto wa kweli kiliongezwa kwa mtoto wa bandia.

Na wakati huo huo ulikuwako mkondo mwingine, usio na kelele, ambao sisi twauona kuwa ndio wenye faida kubwa zaidi. Martha Chase wa Rhode Island, Marekani, aliyekuwa akishona wanasesere wa kitambaa tangu 1889, aliombwa na hospitali moja ya Hartford afanye mfano wa mtu mzima wa kuwafundishia wauguzi. Akautoa mwaka 1911, na baadaye akafanya na mifano ya watoto. Naye Käthe Kruse wa Ujerumani, mwaka 1925, alifanya mtoto aliyejazwa mchanga, mwenye uzito wa kiasi cha kilo mbili na nusu, na kichwa kisichojishika chenyewe. Ukimwinua bila ya kumtegemeza shingo, kichwa huanguka nyuma. Mtoto huyo alitumiwa kuwafundisha wanawake kulea. Tazama basi hekima iliyomo: fundi hakuuliza, "Nini kitakachopendeza macho?" Aliuliza, "Mikono ya mama yahitaji kujua nini?"

MTOTO WA BANDIA NA RANGI YA NGOZI

Watu wakubwa huona kwamba mchezo ni mchezo tu. Sivyo. Katika miaka ya 1940 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, watu weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi 253, wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, wanasesere wanne waliolingana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi ungependa kucheza naye, na yupi anayefanana nawe? Wengi wao walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Na walipoulizwa lile swali la mwisho, wako waliolia, na wako waliotoka mbio chumbani. Mahkama Kuu ya Marekani, ilipohukumu mwaka 1954 ya kwamba kuwatenga watoto katika skuli kwa rangi zao ni kinyume cha katiba, iliutaja utafiti wa Clark miongoni mwa hoja zake.

Kabla ya hukumu hiyo, Sara Lee Creech wa Florida, mwanamke mweupe, alichukizwa kuona ya kuwa wasichana weusi hawana mwanasesere mwema wa kufanana nao. Kwani waliouzwa wengi wao walikuwa ama weupe waliopakwa rangi nyeusi, ama vinyago vya kuchekesha watu. Akapiga picha za watoto weusi, na mchongaji Sheila Burlingame akachonga kwa kuzifuata. Mwandishi Zora Neale Hurston alimtia moyo, na Eleanor Roosevelt akamsaidia. Mwanasesere huyo alitolewa mwaka 1951 na kiwanda cha Ideal, lakini hakudumu sokoni ila miaka michache.

Nasi tujiulize: binti zetu huletewa wanasesere wa sura gani? Tukimpa mtoto sura ya wengine peke yake aibusu na kuipamba tangu akiwa na miaka miwili, kisha akiwa na miaka ishirini tukamlaumu kwa kuichubua ngozi yake, nani aliyeanza kumfundisha?

WALIOZALIWA UPYA

Sasa tumefika kwa hawa walioulizwa. Asili yao ni Marekani, katika miaka ya 1990. Mafundi wa majumbani, wengi wao wanawake, walichukua wanasesere wa kiwandani, wakawavua rangi zote, wakawapaka upya. Na jina walilowapa maana yake ni waliozaliwa upya. Kazi yenyewe ni ya subira. Rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana, na aghlabu kila tabaka hutiwa katika joko ishike. Ndivyo zinavyopatikana mishipa ya buluu chini ya ngozi na wekundu wa visigino. Nywele, mara nyingi za mbuzi wa namna ya Angora, hupandwa kwa sindano, moja moja au chache chache. Ndani hutiwa chembe za kioo ili uzito uwe wa mtoto, na mdomoni huwekwa sumaku ya kushika chuchu ya mpira. Biashara yao ilienea kwa njia ya intaneti tangu mwanzo wa karne hii, na bei hutoka mamia ya dola hata maelfu.

Ama kuchukizwa kwa wengine, si ujinga wala uadui. Mtaalamu wa Kijapani, Masahiro Mori, alieleza mwaka 1970 ya kuwa kadiri sanamu inavyokaribia kufanana na mwanadamu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapobakia kidogo tu kukamilika. Hapo moyo hugeuka ghafla ukaingia hofu, kwani jicho limeona uhai na mkono umegusa ubaridi.

Na kufanana huko kumeleta mambo. Mwaka 2016, katika mji wa Keene, New Hampshire, askari aliitwa kwa sababu ya mtoto aliyeachwa ndani ya motokaa siku ya jua. Akavunja kioo, akamtoa, akajaribu kumpulizia pumzi, ndipo alipotambua kuwa ni bandia. Sisi hatumcheki askari yule hata kidogo. Alifanya lililompasa, na lau angesita ili ahakikishe, siku nyingine angemsitia mtoto wa kweli. Khatari iko hapo hasa: bandia zikizoeleka, watu wataanza kusita.

Huko Brazil mwaka 2025 jambo hili lilikuwa kelele ya nchi nzima. Baraza la mji wa Rio de Janeiro lilipitisha siku maalumu ya kuwaheshimu mafundi wa watoto hawa, na meya Eduardo Paes akaikataa mwezi wa Juni. Katika mabaraza mengine yaliletwa miswada ya kukataza watoto wa bandia wasipelekwe kutibiwa katika hospitali za serikali, wala wasitumiwe kupata nafasi ya mbele katika foleni za wenye watoto wachanga.

WANAOWACHUKUA NI NANI?

Huenda mtu akasema: hawa wote ni wendawazimu. Hilo ni neno la haraka. Wengi wao ni wakusanyaji tu, kama wakusanyao stempu na sarafu za kale. Lakini wako wengine wawili ambao yatupasa kuwasema kwa adabu.

Wa kwanza ni mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau. Katika nyumba za wazee za Uingereza na kwengineko hupewa mtoto wa bandia, na wako watafiti wa Newcastle walioandika mwaka 2006 ya kuwa wauguzi waliona baadhi ya wazee wakitulia, na wakizungumza na watu zaidi kuliko mwanzo. Wanaopinga wasema: huku ni kumdanganya mzee na kumfanya mtoto. Hoja zote mbili zina uzito. Sisi twaona kwamba mzee asitiwe bandia mikononi kwa nguvu, wala asinyang'anywe aliyemshika. Awekwe mahali anapoweza kumwona, na achague mwenyewe. Na yule amtunzaye asizue uongo wa kusema, "Mwanao analia." Aulize tu, "Mama, unakumbuka nini?" kisha akae asikilize. Kwani bibi yule amebeba watoto wa kweli, na pengine mikono yake inakumbuka yaliyosahauliwa na akili yake. Lakini kumpa kipande cha plastiki kisha jamaa wote wakatoka nyumbani wakamwacha nacho, huko si kutibu, ni kumtupa.

Wa pili ni mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Wako wanaopeleka picha ya marehemu kwa fundi, wakafanyiwa mfano wake. Nani awezaye kumcheka? Lakini tuangalie vyema kilichomfikisha hapo. Mara nyingi kwetu mama wa namna hii huambiwa, "Nyamaza, utapata mwingine," kisha jina la mtoto halitajwi tena. Mama hubaki na nguo alizozifuma, na maziwa kifuani, wala hana mtu wa kusema naye. Mtoto wa bandia hana dawa ya msiba huo. Hakui, na wala haondoki. Humweka mama katika siku ile ile aliyofiwa. Lakini asiyetaka mama afarijiwe na plastiki na aende yeye mwenyewe akamfariji. Amwache alie, amsikilize akimtaja mwanawe kwa jina, na arudi tena baada ya siku arubaini, wakati wengine wote wamekwisha kutawanyika.

BANDIA YA KUOGOPESHA NA BANDIA YA KUOKOA

Imebaki mifano miwili ya mafunzo, mmoja uliokosa na mmoja uliofaulu, na katika kuilinganisha ndiko liliko somo letu.

Huko Marekani skuli zilikuwa zikiwapa wasichana mfuko wa unga waubebe siku kadhaa kama mtoto, ili waone uzito wa ulezi. Mwaka 1993 mhandisi mmoja wa California akatengeneza mtoto wa bandia mwenye chombo cha umeme tumboni, aliaye saa yoyote ya usiku, na chombo hicho huandika kama amelishwa au amepuuzwa. Makusudio yalikuwa kuwaogopesha wasichana wasipate mimba. Basi katika Australia ya Magharibi watafiti waliwafuata wasichana zaidi ya 2,800 wa skuli 57, tangu walipokuwa na umri wa miaka 13 hadi 15 mpaka wakafika 20. Matokeo yalitolewa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet: waliopewa mafunzo hayo, 17 katika kila 100 walishika mimba; wasiopewa, 11 katika kila 100. Dawa haikuponya. Na si ajabu, kwani msichana apitaye na mtoto huyo hutazamwa na kusifiwa, kisha siku chache zikiisha humrudisha kwa mwalimu. Mtoto wa kweli harudishwi.

Sasa tazama wa pili. Åsmund Laerdal wa Norway alikuwa mtengenezaji wa michezo ya watoto, akijua kazi ya plastiki laini. Akaombwa afanye mfano wa kufundishia watu kumpulizia pumzi aliyezimia, na mwaka 1960 mfano huo ukatoka. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2010, nyumba hiyo hiyo ikatoa mtoto mchanga wa kuwafundishia wakunga. Hana kope, wala mishipa ya buluu, wala nywele za mbuzi. Hujazwa maji ya uvuguvugu ili apate uzito na joto la mtoto. Mwalimu akibinya kipira, mapigo husikika katika kitovu. Akibinya kingine, hulia. Na mkunga akimpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso sawasawa, kifua huinuka, akikosea, hakiinuki. Humfundisha mkunga ya kuwa mtoto asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ile ya kwanza.

Mafunzo hayo yaliletwa huku kwetu Afrika ya Mashariki. Katika hospitali nane za Tanzania, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa 47 katika kila 100, na waliozaliwa wafu karibu na saa ya uzazi wakapungua kwa 24 katika kila 100.

MUKHTASARI WA SOMO

Basi tuseme hivi. Kufanana peke yake si kheri wala si shari. La kuulizwa ni mambo mawili: bandia hii imefananishwa katika lipi, na humpeleka wapi aishikaye? Mtoto wa mchanga wa Käthe Kruse alifananishwa katika shingo, kwa kuwa shingo ndiyo inayovunjika. Mtoto wa wakunga amefananishwa katika kifua, kwa kuwa kifua ndicho kinachosimama. Wote wawili humtoa mtu kwenye bandia wakampeleka kwa mtoto wa kweli, naye akifika hana haja nao tena. Lakini bandia inayofananishwa ili macho yasiweze kupambanua, isiyo na kazi ila kukaa mahali pa aliyekosekana, hiyo humtoa mtu kwa walio hai.

Kwa hivyo twawausia wazazi: wapeni watoto wenu mchezo wa kulea, wavulana pia wasitengwe, kwani nao watakuwa baba. Wapeni sura zinazofanana na zao. Msinunue kwa maelfu kitu ambacho mtoto atakatazwa kukigusa. Na twawausia wenye uwezo na wakuu wa vituo vya afya: bei ya mmoja katika hao wa fakhari ni kubwa kuliko ya mfano wa kumfundishia mkunga. Ulizeni katika zahanati iliyo karibu nanyi kama wanao mfano huo, na kama wanao, uliofanyiwa mazoezi mara ya mwisho lini. Kwani mkono usiofanya mazoezi husahau. Mtoto atakayezaliwa usiku wa leo bila ya kulia, uhai wake umo katika mikono iliyokwisha kujifunza. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.